Fundi, mteja na mbao mbichi

Keko, wilayani Temeke jijini Dar es Salaam, samani hupangwa nje. Vitanda vya sita kwa sita vimesimamishwa kwa ubavu, makabati ya nguo yameegemeana, fremu za sofa ambazo bado hazijavishwa sponji wala kitambaa ziko wazi kwa kila apitaye, na vumbi la mbao limetua juu ya vyote hivyo. Mteja akifika, mara nyingi hachagui kilichopo. Anatoa simu. Ndani yake mna kitanda alichokiona mtandaoni, kilichopigwa picha kwenye chumba cha Istanbul au Milano, na swali lake huwa moja: "Fundi, hiki unakiweza?"

"Hakuna shida, mama. Wiki mbili."

Na kusema kweli fundi anakiweza. Ataikuza picha kwa vidole viwili aone pale kichwani pameungwaje, atauliza ukubwa wa godoro, kisha atachukua kipande cha boksi na kuchora kwa penseli aliyokuwa ameichomeka nyuma ya sikio. Mchoro huo wa dakika tano ndio ramani ya kazi nzima. Keko, kama ilivyo kwa mafundi wa kando ya Ngong Road jijini Nairobi, anayebuni ndiye atakayeshika randa. Wapo wanaoliona hilo kuwa upungufu, eti fundi hana kompyuta. Lakini mchoraji anayejua ubao utapasukia wapi akiukata vibaya ana elimu ambayo kompyuta haimpi mtu.

Ubovu wa samani nyingi za kuagiza hauanzii kwenye mchoro huo, wala hauanzii mkononi mwa fundi. Unaanzia kwenye advansi.

Utaratibu unajulikana na kila aliyewahi kuagiza kabati. Mteja anatanguliza sehemu ya fedha, na fundi anaichukua fedha hiyo hiyo kwenda kununulia mbao za kazi hiyo hiyo. Hana ghala. Hana mbao alizoziweka tangu mwaka jana. Anaponunua, ananunua kilichoshuka kwenye lori, na kilichoshuka kwenye lori huenda wiki chache tu zilizopita kilikuwa mti uliosimama. Mbao hizo zinaingia kwenye msumeno zikiwa nzito, baridi ukizigusa, na harufu yake bado mbichi. Baada ya wiki mbili ni kitanda. Kimepigwa vanishi, kinameremeta, na mteja anaondoka nacho kwenye kirikuu akiwa ameridhika.

Kinachofuata ni fizikia, na haibembelezeki.

Mti ulio hai umejaa maji. Kuna aina ambazo ukizikata leo, maji yaliyomo yanakaribia uzito wa mbao yenyewe, au hata kuuzidi. Maji hayo yakianza kutoka, mwanzoni hakuna kinachoonekana. Yakishafika asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu, ndipo mbao inapoanza kusinyaa, na itaendelea kusinyaa mpaka ilingane na hewa inayoizunguka. Kwenye hewa nzito ya Dar es Salaam mbao hutulia ikiwa na maji ya asilimia kama 14 au 15. Ikiingizwa ofisini ambako kiyoyozi kinanguruma kutwa, hushuka mpaka karibu 10. Kwa hiyo meza iliyotulia vizuri Temeke inaweza kupasukia Posta, katikati ya jiji, ghorofa ya saba, bila mtu kuigusa.

Tena mbao haisinyai sawasawa. Kwa urefu haipungui kiasi cha kuonekana kwa macho. Kwa upana hupungua, na upungufu wa kuzifuata pete za mti ni karibu mara mbili ya ule wa kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gome. Tofauti hiyo ndiyo inayoukunja ubao mpana ukawa kama kigae cha paa. Meza ya chakula yenye upana wa sentimita 90, ikiungwa kwa mbao mbichi, inaweza kupoteza sentimita mbili au tatu kabla haijatulia. Kama fundi ameukaza uso wa meza kwenye fremu kwa parafujo kila upande, hakuna nafasi ya kupungua. Kitu lazima kiachie, na kinachoachia ni mbao yenyewe, katikati, kwa mlio ambao wenye nyumba huusikia usiku na kudhani ni panya.

Kisha droo zinakwama masika na kulegea kiangazi. Milango ya kabati iliyokuwa ikikutana inaacha ufa wa kupitisha kidole. Mteja anasema fundi ni tapeli. Fundi anasema ni hali ya hewa. Wote wawili wana hoja, ila hakuna anayezungumzia ile advansi.

Kukausha mbao si siri. Zinapangwa kivulini juu ya magogo yasiyogusa ardhi, kila safu ikitenganishwa na nyingine kwa vijiti vya unene mmoja vilivyonyooka juu kwa chini ili hewa ipite. Ncha za mbao zinapakwa rangi au nta kwa sababu maji hutoka haraka zaidi pale nyuzi zilipokatwa, na ncha ikikauka kabla ya tumbo la ubao, hupasuka. Juu unawekwa uzito. Baada ya hapo ni kusubiri. Ubao wa inchi moja unataka miezi. Ubao wa inchi mbili unataka zaidi ya mara mbili ya muda huo. Tanuri la kukaushia hufupisha kazi ikawa ya wiki kadhaa, lakini tanuri ni mtaji mwingine, na linakula umeme au kuni.

Muda wote huo fedha imelala. Fundi anayelipa kodi ya banda kila mwezi, mwenye watoto shuleni na vijana wawili wa kuwalipa posho kila jioni, hawezi kununua mbao za shilingi milioni kadhaa akaziacha zilale nusu mwaka huku akizitazama. Anayeweza ni mwenye karakana kubwa, na huyo bei yake ni nyingine. Ndiyo maana samani mbili zinazofanana kwa macho, zilizotoka kwenye mikono yenye ujuzi ule ule, zinaweza kutofautiana bei mara mbili. Katika ile ya ghali mteja amelipia, pamoja na vingine, miezi ambayo mbao ilikaa bila kufanywa chochote.

Serikali nazo ni wateja, na nazo zina haraka. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwataka viongozi wa mikoa na wilaya wamalize upungufu wa madawati mashuleni ifikapo mwisho wa Juni. Mwaka 2020, wakati wa korona, Kenya ilielekeza kazi ya madawati kwa mafundi wa jua kali ili fedha iingie mitaani. Maagizo yote mawili yaliwapa maseremala kazi, na watoto waliokuwa wakikaa sakafuni walinyanyuka. Lakini agizo lolote lenye tarehe kali linawakuta mafundi na mbao zile zile zilizoko sokoni wiki ile. Hakuna waraka unaoweza kuikausha mbao.

Mbao ikishakuwa kavu, kinachobaki ni kiungo, na hapo fundi hawezi kumsingizia mtu mwingine.

Kipimo chake ni kiti. Kabati husimama ukutani bila kusumbuliwa na mtu. Kiti hukaliwa na mjomba mwenye kilo mia moja ambaye, akishashiba, anakiegemeza nyuma mpaka miguu ya mbele inaning'inia. Uzito wote wakati huo unakimbilia sehemu moja: pale mbao ya ubavuni inapoingia kwenye mguu wa nyuma. Kama pamepigwa msumari, kila mjomba anapoegemea msumari unalitanua tundu lake kidogo. Parafujo hufanya vivyo hivyo, ila kwa kuchelewa. Gundi peke yake haisaidii pia, kwa kuwa ncha ya ubao, pale nyuzi zilipokatwa, huinyonya gundi ikaacha kiungo kikavu. Gundi hushika vyema pale nyuzi zinapolala ubavu kwa ubavu.

Dawa yake ni ya tangu enzi: ulimi na tundu. Fundi anaweka guni kwenye ubao na kuchora mstari, na fundi mwangalifu hachori kwa penseli bali kwa ncha ya kisu, maana penseli ina unene na kisu hakina. Unene wa ubao anaugawa mara tatu. Theluthi ya katikati itakuwa ulimi, mbili za kando zitaondoka. Kwenye mguu anatoboa tundu kwa mashine, au kwa keekee kama umeme umekatika, kisha anazinyoosha kuta zake kwa juba, akigonga kutoka katikati kwenda pembeni ili asiharibu ukingo. Msumeno unapoukata ulimi, unapita upande wa nje wa mstari, upande wa taka. Nusu milimita inayobaki anaipunguza kwa patasi, akijaribu, akichomoa, akijaribu tena.

Ulimi unaoingia wenyewe bila kusukumwa umeharibika. Gundi haijazi pengo. Unaotaka nyundo kubwa utaupasua mguu. Unaofaa huingia kwa kusukumwa na mkono na kumaliziwa kwa kugongwa kidogo, na ukiuchomoa unatoa mlio mdogo wa hewa. Wengine huupasua ulimi kwenye ncha na kuuchomeka kabari nyembamba, ili ukishaingia utanuke na usirudi tena. Kazi hii, kwa kiti kimoja chenye miguu minne, inaweza kuhitaji viungo kumi na zaidi, na kikishapigwa msasa na vanishi, hakuna hata kimoja kinachoonekana. Mnunuzi hana namna ya kujua alichouziwa mpaka siku ya mjomba.

Pwani ya Afrika Mashariki ina kiti ambacho kila anayebuni samani angefaa akitazame walau mara moja. Ni kiti cha enzi, kilichokuwa kikitengenezwa Lamu na miji jirani ya visiwa vile, Pate na Siyu, hasa katika karne ya 19. Makumbusho ya Lamu yanavyo. Ni kiti kirefu cha mgongo, chenye mikono na kibao cha kuwekea miguu mbele, kimetengenezwa kwa mbao nyeusi au yenye rangi iliyokoza, na kimepambwa kwa vipande vidogo vya pembe za ndovu au mfupa vilivyochomekwa juu ya mgongo. Nakshi za kuchonga, zile za milango ya pwani, hazimo. Mistari imenyooka. Aliyekalishwa juu yake alikuwa mgeni wa heshima, na mwenye nyumba alitaka hilo lieleweke kabla hata kahawa haijaletwa.

Asili ya umbo lake imewashughulisha wanahistoria. James de Vere Allen, aliyeitafiti Lamu kwa miaka, aliandika makala mwaka 1989 juu ya kiti hiki na viti vingine vya Waswahili, na mjadala umezunguka Misri, Ureno na India bila kutua kwenye bandari moja. Kwa seremala, hata hivyo, kuna jambo la kuvutia zaidi ya nasaba. Kiti kile hakina ubao mpana hata mmoja mahali pa kukalia. Ni fremu za miti myembamba, na nafasi zilizo katikati, kwenye kikalio, kwenye mgongo, hata chini ya mikono, zimejazwa kwa kamba nyembamba zilizosukwa kwa mraba na mshazari. Fremu nyembamba ina kidogo tu cha kusinyaa. Kamba hainyauki ikapasuka. Hewa ya bahari inapita mgongoni mwa mgeni. Iwe fundi wa Siyu aliwaza hivyo au alirithi tu mkono wa mwalimu wake, alikwepa balaa lile lile linaloipasua meza ya Posta leo.

Pembe za ndovu, ni wazi, zimetoka kwenye hesabu. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989, na anayetaka weupe ule siku hizi anaupata kwenye mfupa au kwenye mbao nyeupe.

Nyumba za kale za pwani zilikuwa pia na samadari, kitanda kirefu cha kupandia kigoda, chenye matendegu yaliyokerezwa mpaka yakawa na mabonde na vilima, na asili ya mtindo wake ni India. Kitanda, kwa Kiswahili cha seremala, kina viungo vyake vyenye majina kamili: tendegu ni mguu, mfumbati ni mti wa ubavuni, kitakizo ni ule wa kichwani na wa miguuni, na katikati zinalala chaga. Ni msamiati unaopotea sasa, kwa sababu vijana wengi karakanani husema "mguu", "ubavu" na "kichwa", basi.

Pwani hii haikutengeneza samani zake tu. Iling'arisha na za wengine. Karne ya 19, watu wa nyuma ya Bagamoyo, wa Rufiji na wa Kilwa walichimba ardhini sandarusi, utomvu wa kale wa msandarusi ulioganda na kuzikwa mchangani, mahali ambapo mara nyingine miti yenyewe ilishatoweka. Iliuzwa Zanzibar. Wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, waliinunua kwa wingi, hasa baada ya Marekani kutia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833. Huko Salem ilioshwa na kuchambuliwa, ikayeyushwa kuwa vanishi ngumu iliyosifika kwa kupakwa kwenye samani na magari ya farasi. Meli zilirudi na marekani, lile shuka la pamba ambalo jina lake limebaki madukani. Seremala wa Keko anayefungua kopo la vanishi lililotoka ng'ambo hana habari kwamba zamani bidhaa hii ilikuwa ikisafiri kinyume chake.

Rudi kwenye mbao, maana nazo zina siasa zake.

Ukimwuliza Mtanzania mbao bora ya kitanda, atakujibu mninga kabla hujamaliza swali. Sifa hiyo haikuja kwa matangazo. Mninga, wa misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na kwingineko, ni miongoni mwa mbao zinazosinyaa kidogo sana; hata fundi mwenye haraka akiutumia kabla haujaiva sawasawa, haumwaibishi sana. Unakubali patasi. Rangi yake ya kahawia yenye michirizi ya dhahabu haihitaji kusaidiwa. Gome lake likijeruhiwa linatoa utomvu mwekundu mithili ya damu, na hapo ndipo baadhi ya watu walipoupa mti huu dawa na miiko. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi, mzuri kwa milango. Mvule unadumu, lakini wakati mwingine ndani yake mna mawe, madini yaliyoganda kwenye mbao, na msumeno ukikutana nayo meno yanalia. Mpingo ni hadithi ya peke yake: unazama majini, unachukua miaka 70 hadi 100 kukomaa, na siku hizi unakwenda kwenye vinyago na zumari za Ulaya kuliko kwenye viti. Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, jambo lililokuwa geni kwa misitu ya jamii barani.

Sifa hizo zimeiponza miti yenyewe. Jamii nzima ya mpingo imo tangu Januari 2017 kwenye orodha ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Mkutano wa Panama wa Novemba 2022 ukaongeza jamii za mninga, mkongo na mkangazi za Afrika. Kuorodheshwa huko si marufuku. Ni kwamba mzigo wa mbao unaovuka mpaka unatakiwa uwe na kibali kinachoonyesha kwamba uvunaji haukuuangamiza mti. Ndani ya nchi, mkataba huo haumgusi mwenye kitanda cha mninga. Lakini mwenye kuota kuuza mbao za mninga Ughaibuni sasa anahitaji makaratasi kwanza.

Kenya ilionja uhaba kwa njia nyingine. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90. Siku 90 zikawa miaka. Katazo lilikuja kulegezwa 2023. Fundi wa Gikomba, Nairobi, aliyezoea saiprasi na paini za mashamba ya serikali ilimbidi ategemee miti ya mashamba ya watu binafsi na mbao zilizovuka mipaka, na bei ikapanda.

Kinachoshika nafasi ya miti ya asili ni miti ya kupandwa. Mtiki ulioletwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 umezoea Longuza kule Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, na bonde la Kilombero lina mashamba makubwa ya kampuni binafsi tangu miaka ya 1990. Ni mbao nzuri, imetulia, mchwa hawaipendi. Ina mafuta, hivyo fundi asiyeifuta kwa thina kabla ya kupaka gundi ataona kiungo chake kikiachia. Cha kuudhi ni kwamba sehemu kubwa ya mtiki wa Tanzania huondoka nchini kama magogo na miraba kwenda India, na mafundi wa nyumbani wanabaki kugombea paini ya shamba la miti la Sao Hill.

Paini si dhambi. Ni mbao nyepesi inayofaa kwa fremu ya sofa au rafu za jikoni, ikikaushwa na kutiwa dawa. Dhambi ni kuipaka rangi ya kahawia na kuiuza kwa bei ya mninga, mchezo unaojulikana mitaa yote ya samani. Mnunuzi mwerevu hatazami uso wa meza. Anainama na kutazama chini, kwenye pembe ambayo brashi haikufika. Anatafuta mafundo ya paini, yale madoa ya mviringo. Anakinyanyua kiti kwa mkono mmoja apime uzito. Na kama fundi hana cha kuficha, hatakasirika kitambaa chenye thina kikisuguliwa mahali pasipoonekana.

Kuna pia wapinzani wa madukani: makabati ya MDF na chipubodi yanayoingia kwa makontena, yakiwa vipande ndani ya boksi. Mafundi huyadharau, lakini yana jambo moja yalilolitatua: vumbi la mbao lililogandishwa halina nyuzi za kuelekea upande mmoja, hivyo ubao wake haukunjiki kwa kukauka. Ubaya wake ni maji. Kabati likimwagikiwa, linavimba kama mkate kwenye chai na halirudi. Parafujo ikishatolewa mara moja, tundu lake halishiki tena. Familia inayohama nyumba kila mwaka inalijua kabati la aina hiyo kwa jina la yule aliyelifungua mara ya mwisho.

Mteja anayeagiza kwa fundi ana uwezo ambao wa dukani hana, ila wengi hawautumii. Wanajadili rangi na bei, wanaondoka. Mazungumzo yenye faida yangeanzia kwingine. Mbao zimekatwa lini? Zilipo ziko wapi, na zinaweza kuonekana? Kama ni lazima zinunuliwe sasa, je, mteja yuko tayari kulipia mbao leo na samani ichukuliwe miezi minne baadaye? Hilo la mwisho linageuza hesabu yote: ile fedha iliyokuwa ikimkosesha fundi usingizi inakuwa imelala kwa hiari ya mteja mwenyewe, na mbao inapata kivuli chake. Wachache wanaofanya hivyo, kwa kawaida wale wanaojenga na kujua nyumba itakamilika mwakani, hupata kazi nzuri kwa bei ile ile ya barabarani.

Uso wa meza nao una swali lake: umefungwaje kwenye fremu? Fundi anayejua atasema ameweka vishikio vinavyoteleza, au amerefusha tundu la parafujo kwa upande mmoja, meza ipate kupumua. Milango ya kabati vilevile: ubao wa katikati ukae kwenye mfereji bila gundi, uchezeke. Anayejibu kwamba ameukaza kwelikweli, usiku wa mlio hauko mbali.

Na kuna vipimo ambavyo picha ya simu haivionyeshi. Kikalio cha kiti huwa kama sentimita 45 kutoka sakafuni na uso wa meza kama 75. Zikizidi au kupungua kwa vidole vitatu, wageni watakula wakiwa wameinua mabega. Kuna upana wa ngazi. Kariakoo kuna vitanda vya sita kwa sita vilivyokwama kwenye kona ya ghorofa ya pili kwa sababu fundi aliunga kila kitu kwa gundi, na mwenye nyumba hakukumbuka kupima mlango. Wenye vitanda vya kale hawakupata taabu hiyo. Kile cha kamba, teremka tukaze, kilikuwa na shida nyingine, nacho kiliitaja kwa jina lake: kamba ikilegea, waliolala walishuka, ikavutwa, wakapanda tena.

Vya sasa vina bolti mahali pa kamba, mbili kwa kila pembe, na kichwa chake kinafichwa kwa kifuniko cha mbao. Bolti nazo hulegea, hasa miezi ya kwanza mbao inapotafuta utulivu wake. Baadhi ya mafundi hurudi na spana baada ya miezi sita kukaza bila malipo. Wengine namba zao hazipatikani tena. Mteja anayelipa salio anaweza kuomba ahadi hiyo iandikwe kwenye risiti, chini ya jina la mbao, ukubwa wa godoro na tarehe.